Uwanda wa Gunvor

Gunvor Sandøy hakujua kuogelea, na mpaka alipotimiza miaka sitini na miwili hakuwahi kulala hata usiku mmoja ndani ya meli. Lakini ukimwuliza habari za chini ya bahari yetu, kuanzia miamba ya pwani hadi mbali kule kaskazini magharibi ambako hakuna aliyefika ila kupita juu kwa juu, alikujibu kama mtu anayeulizwa habari za kabati lake mwenyewe.

Nimemjua tangu nikiwa msichana, maana tulikaa benchi moja kwenye nyumba ya maombi. Mimi nilimaliza madarasa saba nikaenda kupika melini. Yeye, aliyekuwa hodari wa hesabu, alichukuliwa na ofisi ya vipimo vya bahari mwaka 1957, akapewa meza karibu na dirisha, rula, penseli na bunda la karatasi.

Kazi ilikuwa hivi. Meli ikitembea, mashine ilipeleka mlio chini, mlio ukagonga sakafu ya bahari na kurudi, na sindano ikachora mstari kwenye karatasi iliyokuwa ikijikunjua polepole. Mstari ukipanda ni kilima, ukishuka ni bonde. Mabunda hayo yaliletwa ofisini yakiwa na harufu ya mafuta na samaki, na Gunvor akayasoma kwa rula, pima kwa pima, kutwa nzima.

Lakini bahari ni kubwa na meli ni moja. Mstari mmoja unapita hapa, mwingine unapita maili ishirini kule, na katikati hapajulikani. Siku moja nilimwuliza, "Sasa hapo katikati mnaandika nini, dada Gunvor? Mnabahatisha?"

Alikuwa anafuma. Akanionyesha kipande cha sweta kisichozidi kiganja.

"Ukinipa hiki tu," akasema, "nikakihesabu vizuri, naweza kukwambia sweta nzima imefumwaje. Nyuzi nene au nyembamba, mistari inaelekea wapi, ua linajirudia baada ya nyuzi ngapi."

"Na kama kuna tundu?"

"Tundu siwezi kukwambia liko wapi. Naweza kukwambia tu kwamba sweta ya namna hii huwa na matundu mangapi."

Ndivyo alivyoieleza sakafu ya bahari, si kilima kwa kilima, bali kwa tabia zake. Alichukua kina cha hapa na kina cha maili moja mbele, akaandika tofauti. Halafu maili mbili, maili nne, maili nane. Alisema majirani hufanana, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo wanavyozidi kutofautiana, mpaka unafika mahali ambapo hawajuani kabisa. Umbali huo wa kutojuana ndio aliokuwa akiutafuta, pamoja na urefu wa kawaida wa vilima na upande vinakolala. Ofisini waliiita takwimu za umbo la sakafu. Sisi kwenye nyumba ya maombi tuliiita hesabu ya makunyanzi, na yeye hakuchukia.

Aliyeleta mabunda hayo alikuwa Leiv Årvik, mtunza mashine wa meli iliyoitwa Fagerbris. Leiv alikuwa mrefu, mwenye haya, mwimbaji wa sauti nzito ambaye hata akiimba alitazama viatu vyake. Kila nusu saa baharini alichora alama ya penseli pembeni mwa mstari na kuandika saa. Gunvor alijua mwandiko wake kabla hajamjua yeye. Alijua siku za dhoruba kwa jinsi tarakimu zilivyoyumba, na siku Leiv alizokuwa na mafua, kwa sababu namba saba zake zilikosa mkia.

Walichumbiana Pasaka ya mwaka 1971, baada ya miaka kumi ya kupokezana mabunda na kuambiana habari za hali ya hewa. Sisi wasichana tulikuwa tumeshachoka kungoja. "We Leiv," dada mmoja alimwambia mlangoni pa nyumba ya maombi, "hata barafu ya mlimani inatembea upesi kuliko wewe!" Leiv akatazama viatu. Arusi ilipangwa baada ya Pasaka iliyofuata. Februari akashikwa na homa ya mapafu, na siku ya tisa akafa.

Gunvor hakuolewa tena. Alirudi kwenye meza yake. Na sasa naweza kuwaeleza habari za uwanda.

Kiangazi cha mwaka 1964 Fagerbris ilipita mahali, siku tatu kutoka kwetu, ambako Gunvor alikuta kwenye karatasi kitu ambacho hajakiona tena kwa ukubwa ule. Vilima vilikuja, vikaja, halafu vikakoma, na kwa maili hamsini mstari ukalala kama uzi uliovutwa. Kina chake pima elfu moja mia mbili na kumi na nne. Tofauti ya maili moja ilikuwa pima moja. Ya maili nane, pima moja. Ya maili arobaini, pima moja. Kisha vilima vikaanza tena. Mkubwa wa ofisi alipoona akacheka, "Hapa Mungu amepiga pasi!" Wakauchora kwenye ramani. Urefu ulitoka kwenye karatasi, upana ukatoka kwenye hesabu za Gunvor, na kwa mzaha wa ofisini wakauita uwanda wa Gunvor.

Alimwuliza Leiv, "Kulikuwaje pale?"

Leiv akawa mwekundu hadi masikioni. "Kulikuwa kimya," akasema. Kisha akaongeza, "Ipo siku nitakupeleka ukaone."

Basi. Hayo ndiyo maneno ambayo Gunvor aliishi nayo miaka ishirini na mitano baada ya mazishi. Wengine wana kaburi, naye alikuwa nalo, tena alilipanda maua. Lakini alipotaka kumwaza Leiv hakwenda makaburini. Alikwenda kule kwenye uwanda, kwa mawazo. Aliniambia mara moja, tukiwa tunaosha vikombe baada ya ibada, "Najua ni upumbavu. Lakini naona kama ameniwekea nafasi pale." Nilikausha kikombe nikampa kingine.

Mwaka 1997 zilikuja habari kwamba waya wa simu utatandazwa chini ya bahari kuelekea Iceland, na wenye waya waliutaka upite kwenye uwanda wa Gunvor, kwa kuwa njia tambarare haikati waya. Meli mpya ikatumwa kuhakikisha, na mpishi wa meli hiyo nilikuwa mimi. Ilikuwa na mashine inayopeleka milio mingi kwa mara moja, kama ufagio, hata sakafu yote ikaonekana kwenye kioo kwa rangi. Kiongozi wa kazi alikuwa daktari wa mambo ya bahari, Hege, mwanamke wa miaka thelathini na mitano mwenye moyo mwema na sauti ya haraka. Yeye ndiye aliyesema, "Mama Gunvor anastaafu Desemba. Haiwezekani astaafu hajauona uwanda wake. Kitanda kipo, aje."

Siku Hege alipompa habari, Gunvor alikuja kwangu na kofia kichwani kama anayekwenda mjini. "Dada Jorunn," akasema, "nivae nini?"

"Chupi za sufu," nikamwambia. "Mengine yatajipa."

Alitapika siku mbili. Nilimpelekea mkate wa bapa mkavu na chai, naye alinishukuru kwa adabu kila mara kama mgeni. Siku ya tatu, Alhamisi, bahari ilitulia. Akaosha uso, akachana nywele, akavaa blauzi yake ya Jumapili na bruchi ya fedha, akapanda kwenye chumba cha vioo. Hege alimwachia kiti chake. Mimi nilikuwa na viazi motoni, lakini nilisimama mlangoni na taulo begani.

Rangi zilikuwa zinajichora kutoka juu kwenda chini. Nyekundu kileleni, buluu bondeni. Vilima vilipita vimelala upande mmoja, mgongo kwa mgongo, kama samaki kwenye sanduku. Gunvor aliweka kidole mezani akawa anahesabu maili kimyakimya.

"Sasa," akasema. "Sasa hivi."

Kikaja kilima.

"Labda mbele kidogo," akasema Hege.

Kikaja kilima kingine, kikubwa kuliko cha kwanza. Tukangoja saa nzima. Viazi vyangu viliungua na hakuna aliyenigombeza. Baharia mmoja, Asle, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akasema, "Kumbe uwanda umehama. Au umeenda likizo Hispania, mama?"

"Asle, kanyamaze huko," akasema Hege.

Meli ilizunguka ikapita tena, maili tano upande wa kusini, halafu maili tano upande wa kaskazini. Vilima tu. Mwisho Hege alimshika Gunvor begani. "Mama Gunvor, tumeshapita. Haupo. Nadhani mashine ya zamani ilikwama. Sindano iliganda, karatasi ikaendelea kutembea. Ilitokea sana siku zile, si kosa la mtu. Nitaandika hivyo."

Gunvor akasema, "Ahsante, binti yangu," akashuka.

Alinikuta jikoni nakwangua sufuria. Alikuwa amekuja na bunda lenyewe, la 1964, ndani ya mkebe mrefu. Ofisi ilimruhusu. Bila kuniomba ruhusa akasukuma maganda ya viazi pembeni, akakunjua karatasi juu ya meza yangu.

"Sindano haikuganda," akasema. "Tazama. Ikiganda huacha mstari mweusi, mnene. Huu unatetemeka kidogo. Mashine ilikuwa inasikia chini vizuri kabisa."

Mimi sijui mambo ya sindano. Lakini nimelea watoto wanne, na najua mtoto aliyeandika kazi ya wiki nzima Ijumaa jioni. Nikamwambia, "Zile alama za penseli za Leiv, mbona hapa zote zimenyooka hivi? Kule nyuma zinayumba, nyingine nyeusi nyingine hafifu. Hapa zote sawasawa, kama zimepigwa kwa rula mara moja."

Gunvor aliinama hadi pua ikakaribia karatasi.

"Penseli moja," akasema. "Imechongwa mara moja. Masaa kumi na mbili, na haikuisha ncha."

"Ni tarehe ngapi hiyo?"

"Kumi na nne Juni."

Nikaacha sufuria. Juni kumi na tatu mwaka ule, Jumamosi, dada yangu Kristi aliolewa, nami nilimwaga mchuzi kwenye gauni la mama mkwe wake. Hata nikifa nitakumbuka. "Gunvor," nikasema, "kumi na nne ilikuwa Jumapili."

Sote wawili tulimjua Mons Lidal, nahodha wa Fagerbris. Alikuwa mzee wa nyumba yetu ya maombi. Huyu mtu hakuvuta hata wavu uliojaa samaki siku ya Bwana. Ofisi kuu ilipotoa amri kwamba meli ya vipimo itembee siku zote saba, tulimwombea, na ikasemekana kwamba Mons ametii kwa machozi. Sasa tuliona alivyotii. Asubuhi ya Jumapili alisimamisha meli, akaishikilia mahali pamoja kwa injini ya mwendo mdogo, watu wakaimba wakasoma Neno, na jioni akaondoka. Kwenye kitabu cha safari hakuandika kitu. Aliandika meli ilipokuwa Jumamosi na ilipokuwa Jumatatu, na msichana wa ofisini mwenye rula akayagawanya masaa kwenye maili. Ndipo uwanda ukazaliwa.

"Kina hakibadiliki hata ukienda maili arobaini," Gunvor alinong'ona. "Niliyaandika mwenyewe. Nikasema ni utulivu wa Mungu. Hakuna sakafu ya namna hiyo, Jorunn! Hata tope la chini kabisa lina makunyanzi. Mtoto angejua. Kina hakibadiliki kwa sababu hujaondoka ulipo."

"Ulikuwa unampenda," nikasema.

"Ndiyo. Na yeye ndiye aliyezichora hizi alama." Akagusa moja kwa kidole. "Leiv, ambaye hakuwahi kusema uongo hata kwa muuza ng'ombe."

Nilimwona anavyolikunja lile bunda, na nikajua linalomuuma si uwanda peke yake. Kwenye vitabu vyake kulikuwa na nyanda thelathini na moja. Ndogo ndogo, zimetawanyika bahari nzima, za viangazi kumi na kimoja. Watu wa nchi nyingine walishangaa kwa nini upande wetu umelainika hivi kuliko wao. Kama zote zilikuwa Jumapili, basi hesabu yake ya maisha ilikuwa imechanganywa na kitu kisicho bahari. Na wenye waya wangeendelea kuuelekeza waya wao kwenye nyanda nyingine, wakiamini ni njia laini. Hege alikuwa ameshaandika kwamba sindano iliganda. Gunvor akinyamaza, ubaya ungeishia hapo, uwanda mmoja na mashine mbovu. Akisema, jina la Leiv lingesomwa ofisini na nyumbani kwa Bwana kama jina la aliyeghushi karatasi.

Hakula chakula cha jioni. Niliomba kwa ajili yake, na nakiri sikujua niombe nini. Asubuhi aliingia chumba cha kulia, watu wote wakiwa kwenye mayai na jibini ya kahawia, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Hege, futa ulichoandika. Mashine ilikuwa nzima. Meli ilikuwa imesimama."

"Imesimama? Kitabu cha safari kinasema—"

"Kitabu kinasema uongo. Ilikuwa Jumapili. Nahodha aliisimamisha kwa ibada, na Leiv Årvik akajaza alama ili isijulikane. Na si siku ile tu. Naamini nyanda zote thelathini na moja ni Jumapili."

Asle aliacha kutafuna.

Hege aliweka kijiko chini. "Mama Gunvor, unaelewa unachosema? Hizo ni hesabu zako za miaka thelathini. Watu wamejenga juu yake. Nikiandika hivyo, theluthi ya kazi yako inakwenda."

"Ni kazi yangu, ndiyo maana naisema mimi."

"Na huyu Leiv... samahani, si alikuwa mchumba wako?"

"Alikuwa," akasema Gunvor. Akavuta kiti, akakaa, akamenya yai. Ganda likaingia kwenye chumvi.

Tuliporudi pwani aliniomba nimsindikize kwa Mons Lidal. Alikuwa na miaka tisini na mmoja, kwenye nyumba ya wazee, blanketi magotini. Macho yamekwisha ila sauti ingali ya nahodha.

"Nani hao?"

"Gunvor Sandøy. Na Jorunn mpishi."

"Gunvor. Umekuja kunihukumu."

"Nimekuja kuuliza, nahodha. Jumapili zile. Mlisimama?"

Alinyoosha mgongo kitini. Kisha akasema, "Tulisimama. Kila moja tuliyokuwa baharini. Wangenifukuza, wangemleta mtu asiyejua tofauti ya siku ya Bwana na siku ya soko. Nilitunza amri moja, nikavunja nyingine. Nimemweleza Mungu. Wewe hukuwahi kuwa kwenye orodha yangu ya watu wa kuwaomba msamaha, na ulistahili kuwamo."

"Na Leiv?"

"Leiv alinipinga. Mtu mpole, lakini alisimama mbele yangu akasema, nahodha, kushuhudia uongo nako kumeandikwa. Nikamwambia, andika ukweli basi, wote tufukuzwe tushuke bandarini tukawinde sili. Akatii. Lakini hakukaa nasi kwenye nyimbo. Alikwenda kukaa na ile mashine, kutwa. Niliona aibu, nikamwacha."

Gunvor alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Nilijua swali litakalofuata, nikatamani nitoke nje.

"Akikaa pale," akasema, "aliwahi kunitaja?"

Mzee aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. Ingekuwa rahisi sana. Neno moja tu, na nani angemuuliza ushahidi?

"Sikumbuki, binti yangu," akasema. "Miaka ni mingi. Ningependa sana kukwambia ndiyo. Lakini sikumbuki."

Gunvor aliitikia kwa kichwa, ingawa mzee hakuona. Akamsogezea blanketi lililoteleza. Njiani kurudi, kwenye kituo cha feri, akasema, "Afadhali amenijibu hivyo," akageukia upepo, akalia kama mtoto. Nilimshika mkono. Feri ilikuja ikaondoka, tukangoja nyingine.

Miezi yote iliyobaki kabla ya kustaafu alifanya kazi ambayo hakuna aliyemlazimisha. Alichukua kalenda za viangazi kumi na kimoja na mabunda yote, akatafuta Jumapili moja baada ya nyingine. Penseli iliyonyooka ilimwonyesha. Tofauti zisizokua zilimwonyesha. Zilikuwa thelathini na moja, hakukosea hata moja. Ofisini kijana mmoja alimwambia azifute tu, mashine ya kuhesabu ingezitoa kwa dakika moja.

"Sizifuti," akamjibu. "Meli ilikuwa mahali, na kina kilipimwa. Tatizo ni kwamba tuliandika maili mahali ambapo palikuwa na nukta."

Basi kila uwanda aliukunja, maili hamsini, maili thelathini, maili arobaini, ukawa nukta moja yenye kina chake, akaurudisha kitabuni. Masaa yaliyobaki akayagawa upya kwenye maili za kweli, vilima vikavutika vikakaa mahali pake. Alipomaliza, tabia ya sakafu ikawa nyingine: vilima virefu zaidi, vimesongamana zaidi, vimelala kuelekea kaskazini mashariki. Hege akaziweka hesabu hizo karibu na picha ya rangi, akapiga simu nyumbani kwa Gunvor. Nilikuwepo, nilisikia sauti yake ya haraka ikitoka kwenye simu. "Mama Gunvor, vimefanana! Urefu, upana, mpaka upande! Ungekuwa nazo hizi mwaka sitini na nne, tusingehitaji hata kwenda!"

"Mngehitaji," akasema Gunvor. "Mimi nisingejua kilima kipi kiko wapi."

Desemba walimpa maua, keki na hotuba. Nyumba ya maombi nayo ilisema ya kwake. Wako waliosema amemchafua marehemu, na dada mmoja alihama benchi letu akarudi baada ya mwezi bila kueleza. Mons alikufa mwezi Machi. Gunvor alipeleka shada.

Zawadi aliyoitaka yeye ilikuwa moja tu, nakala ya picha ile ya rangi. Nilimkuta nayo mezani jioni moja, kahawa imepoa. Alikuwa na rula na penseli.

"Nilikuwa na maili hamsini za kumwazia," akaniambia. "Hazipo. Nilidhani nitabaki bila mahali."

Alikuwa ametafuta. Jumamosi meli iko huku, Jumatatu iko kule, kasi yake ya kweli ni hii, basi kusimama kwake kulikuwa hapa katikati, maili mbili huku au mbili kule. Na ndani ya maili hizo, panapolingana na pima elfu moja mia mbili na kumi na nne, ni mahali pamoja tu. Ubavuni mwa kilima, upande wa mashariki, chini kidogo ya kilele. Kilima hakikuwa na jina. Palikuwa na rangi ya kijani.

"Alikaa hapa," akasema. "Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa mbili jioni. Nilichokuwa sijui ni kwamba alikuwa amekaa. Nilidhani alikuwa anakwenda."

Akaweka nukta kwa penseli, ndogo sana, akapuliza vumbi la penseli. Nikamwuliza kama angeandika na jina la Leiv pembeni.

"Hapana," akasema. "Saa tu zinatosha, kama alivyoandika yeye."